Jina la Mwandishi wa Mraru

Ndulu alitaka kitu kimoja tu: jina lake likae juu ya kazi yake. Wanaosema jina si kitu ni wale ambao hakuna anayeyakosea majina yao.

Ofisi yetu hapa Voi hutengeneza programu za vile vidude vinavyofungwa kwenye malori ili mwenye lori ajue liko wapi. Programu ikigoma, fundi huifungulia debugger, yaani programu nyingine inayoisimamisha ile mbovu na kuichungulia ndani. Ndulu aliiandikia debugger hiyo kiendelezi, programu ndogo ya kuiongezea uwezo, kwa Python, lugha mojawapo ya kompyuta. Badala ya misururu ya namba za kuumiza macho, fundi anaonyeshwa kidude gani kimekwama na kimekwama wapi. Kazi safi kabisa. Nilikaa meza ya pili kutoka kwake na nisingeweza kuandika hata robo yake.

Akakipa jina la mraru, kwa heshima ya Mraru alikozaliwa, barabara ya Taveta. Tatizo ni kwamba Ndulu ni Mkamba, na R haijawahi kuuzoea ulimi wake. Mkono wake uliandika mraru, mdomo ukasema mlalu.

Donald, mwenzetu ofisini, kijana wa Wusi mwenye meno mazuri na roho ya kutu, alilisikia hilo akafurahi kupita kiasi. Vifurushi vya Python hupakiwa kwenye ghala la mtandaoni, na huko jina lisilo na mwenyewe ni la atakayewahi. Donald akaliwahi mlalu. Ndani ya kifurushi chake hakutia kazi yoyote, ila sentensi moja.

Siku ya kumwonyesha mteja ikafika. Mteja mwenyewe alikuwa Mama Evelyn, mkuu wa mafundi wa kampuni ya malori kule Maungu, naye alikuwa kwenye video pamoja na vijana wake wote.

"Mama, andika pip install," Ndulu akamwelekeza, ndiyo amri ya kushusha kifurushi kutoka ghalani, "halafu mlalu."

Mama Evelyn akaandika alichosikia. Skrini ikajibu kwa herufi kubwa: HONGERA, WEWE PIA HUJUI KUSEMA R.

Maungu wakacheka. Voi tukacheka. Nami nilicheka, ilichekesha. Ndulu aliinamia kibodi yake kana kwamba imemwita.

Bosi wetu, Mzee Badawy, alituita baada ya mkutano. Donald hakukana.

"Boss, si ni jokes tu. Huyu ni beshte yangu."

"Lifute dude lako leo hii," Badawy akamwambia. Kisha akamgeukia Ndulu, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. "Nawe mwanangu, kazi yako nzuri, lakini ulimi wako watutia aibu. Mteja asikusikie tena. Donald ndiye atakayepakia toleo jipya la kiendelezi na kuzungumza nao."

"Na jina langu, mzee?"

"Jina lako litakuwapo. Sikudhulumu."

Mkutano wa pili, Donald alieleza kila kitu kwa R za kumwaga, akisoma majibu ambayo Ndulu alimwandikia kwenye chat. Mwishoni Mama Evelyn akauliza mwandishi ni nani. Ndulu akafungua maikrofoni kabla hajakatazwa.

"Ni mimi, Mama. Ndulu."

Mama Evelyn akatabasamu. Alikuwa mama mwema, na alitaka kumsaidia. "Usijali, kijana wangu, nimekuelewa. Nduru."

"Hapana, Mama. Ndulu. Ni L."

"Ndiyo, ndiyo. R. Donald, andika hapo Nduru."

Donald akaandika, akapakia. Nilimwona akitazama herufi hizo kabla hajabonyeza.

"Badilisha," Ndulu akamwambia.

"Toleo likipanda limepanda, bro. Haliguswi."

"Basi pakia lingine."

Badawy akakataa. Mteja ameshalikagua hilo na kulikubali, akasema, na herufi moja haimuui mtu.

Sasa mafundi hukisakinisha hadi Mombasa, na juu yake pameandikwa: Mwandishi, Nduru. Wengine hutuma shukrani. Juzi mmoja alipiga simu ofisini akitaka kusaidiwa, akamuulizia huyo Nduru.

Ndulu aliipokea simu. Akajaribu kulitamka jina hilo kama lilivyoandikwa.

"Ndiye mimi," akasema. "Ndulu."

"Aa, samahani," fundi akajibu. "Mimi namtaka Nduru." Akakata.