Karatasi ya Lightness

Shule ilikuwa na kamusi moja tu ya Kiingereza na Kiswahili, na gundi yake ilikuwa imeshaachia. Mwalimu Oliva, aliyetoka chuoni mwaka jana, akaona heri aigawe. Kila mtoto wa darasa la sita alipewa karatasi moja, akaivika nailoni na kuyajua maneno yake kama anavyowajua ndugu zake. Ukikwama kwenye neno, unamwendea mwenye karatasi.

Siku ya wazazi, kila mzazi alishika karatasi ya mwanawe na kuuliza neno alilopenda. Mzee Sixbert, mkulima wa Matogoro, alimwuliza binti yake Lightness maana ya nest.

"Kiota."

"Net?"

"Wavu."

Makofi yakapigwa.

"Na hili, nettle?"

"Upupu."

Wazazi wakaangua kicheko. "Jamani, Wazungu nao wanajikuna!" alisema mama mmoja. Mwalimu mkuu akageuka. "Ni kweli hiyo, mwalimu Oliva?"

Oliva hakulijua neno lile. Angeweza kuiomba karatasi aangalie, lakini macho yote yalikuwa kwake, na ulimi ukatangulia. "Hapana. Ni wavu mdogo, wa kuvulia dagaa."

"Lakini madam..."

"Kaa chini, Lightness."

Mzee Sixbert aliitazama karatasi, akamtazama mwalimu, kisha akamwambia binti yake taratibu, "Msikilize mwalimu wako, mama." Akaiweka karatasi mezani.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai barazani, ndipo Oliva alipoisoma. Upupu, mmea unaowasha. Maandishi yalikuwa wazi kabisa. Uso ulimwaka. Yule baba alikuwa ameyaona, akamwangusha mtoto wake ili yeye, mwalimu, asimame.

Aliwakuta getini, wanaondoka bila chai.

"Shikamoo baba. Mtoto alikuwa sahihi."

"Marahaba. Niliona, mwalimu. Ila mwalimu hakosolewi mbele za watu."

"Na mimi, baba?" Lightness alikuwa akitazama viatu vyake. "Mimi si nilikosolewa mbele za watu?"

Oliva, ambaye hata kusoma somo kanisani huogopa, alimwomba mtoto mkono. Mkono haukutolewa, ila Lightness alimfuata, na baba yake nyuma.

Barazani vikombe vilikuwa vikigongana. "Samahanini," Oliva alisema. Hakuna aliyesikia. Akarudia kwa sauti asiyoizoea. "Samahanini! Lightness alijibu sawa. Ni upupu. Mimi sikulijua lile neno, nikatunga maana, nikamkalisha chini."

Mwalimu mkuu alikohoa na kutazama ndani ya kikombe chake. Yule mama wa kicheko akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu," na haikujulikana anamwambia nani.

Oliva alimpa Lightness karatasi yake kwa mikono miwili. Mtoto aliipokea, akaipangusa nailoni kwa sketi, wala hakutabasamu.

"Madam," alisema, "siku nyingine uniulize mimi."

"Nitakuuliza," Oliva alijibu, na machozi aliyokuwa akiyazuia tangu getini yakamtoka mbele ya watu wote.