Dhiraa Thelathini

Mwaka wa pili wa vita vya Mjerumani, manowari za Waingereza zilipokuwa zimeziba bahari, hapakuwa na jora hata moja la nguo ya merikani kutoka Morogoro mjini hadi kwetu Mkuyuni. Mwezi wa Rajabu tulimzika Mzee Yunusi, mwadhini wetu, ndani ya mkeka. Dada yangu Mwaisha, aliyekuwa akikohoa tangu vuli, alinishika mkono siku ile akasema, "Kaka Rehani, mimi usinishushe kaburini kama furushi la mihogo. Ufumaji uliutupa wewe. Uuokote."

Alisema kweli. Baba yetu Kibwana alikuwa mfumaji, na baba yake kabla yake. Nguo za ng'ambo zilipojaa, nyeupe kuliko zetu na rahisi kuliko zetu, nilikiacha kitanda cha kufumia nikaenda mjini kupima majora katika duka la Mhindi. Nilikaa huko miaka kumi na miwili. Pamba ya milima yetu ilipakiwa garimoshi mbele ya macho yangu, ikarudi nguo yenye muhuri wa watu tusiowajua, nami nikawauzia wale wale walioilima. Sasa rafu zilikuwa tupu, nami nilikuwa nimerudi nyumbani mikono mitupu.

Kitanda cha baba nilikikuta kibandani, kimefunikwa na utando wa buibui. Nilikisafisha. Mwaisha alisokota pamba huku ameegemea ukuta, akisaidiwa na Chausiku, mtani wetu, ambaye kwa desturi husimamia misiba yetu na kututania hata mbele ya maiti.

"Fanya upesi, mtani," Chausiku aliniambia. "Nimekwisha kuanza kushinda njaa, nausubiri ubwabwa wa matanga."

"Utausubiri sana," Mwaisha alimjibu. "Nitakuzika wewe kwanza, pamoja na hiyo njaa yako."

Nilitanda nyuzi za dhiraa thelathini, kipimo cha vipande vitano anavyovikwa maiti mwanamke. Siku uzi ulipotimia, Mwaisha alijilaza, akawa hawezi tena kuinuka.

Nilikuwa nikifuma asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia migomba, na adhuhuri nikiacha kwenda msikitini. Ijumaa ya kwanza niliporudi, niliiona nguo imeongezeka shibiri mbili. Nilijiambia kwamba nimesahau nilipofikia. Ijumaa ya pili niliweka alama ya mkaa. Niliporudi, alama ilikuwa imesogea mbali, na mbele yake palikuwa na ufumaji uliobanana kuliko wangu. Kilichonikalisha chini ni ncha ya uzi. Mimi humalizia upande wa kulia, kama alivyonifundisha baba. Ncha ile ilikuwa imeachwa kushoto. Katika nyumba yetu, mwenye shoto alikuwa mmoja tu.

Utotoni Mwaisha aliomba afundishwe kufuma. Baba alikataa. Mwanamke husokota na mwanamume hufuma, ndivyo walivyopokezana wazee wake. Siku alipomkuta amekaa kwenye kitanda cha kufumia, alimpiga vidole kwa kijiti hadi vikavimba.

Niliingia chumbani kwake. Chausiku alikuwa akimpepea.

"Ameamka leo?" nilimuuliza.

"Aamke aende wapi? Hata kugeuka namgeuza mimi. Lakini itazame mikono hiyo. Tangu adhana haijatulia."

Mwaisha alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukirusha kitu kisichoonekana, wa kulia ukikipokea, kisha yote miwili ikivuta kuelekea kifuani. Na kila ilipovuta, kule kibandani, ambako hapakuwa na mtu, ulisikika ubao ukishindilia uzi.

Chausiku, asiyekosa la kusema hata makaburini, aliuweka upepeo chini.

Nilisoma Ayatul Kursiyu. Ubao haukusita, nami nikafahamu kwamba kile hakikuwa kitu cha kufukuzwa.

Zilikuwa zimebaki dhiraa saba. Nilijua ni nini kitakachotokea nyuzi zitakapokwisha. Najua pia kwamba ajali, siku ya mtu iliyoandikwa, haitangulizwi saa wala haicheleweshwi. Nimelisoma hilo tangu chuo cha Kurani. Pamoja na kujua kwangu, nilichukua pamba, nikasokota, nikaunga nyuzi nyingine kwenye ncha za zile za mwanzo. Kesho yake nikaunga tena. Nguo ikapita dhiraa thelathini, ikapita arubaini, ikajikunja kwenye gogo lake hadi ikanenepa kama kiuno cha mtu.

Mwaisha hakufa, lakini alikuwa akiyeyuka. Nyama ilimtoka mikononi. Vidole vikamchubuka pale hasa uzi unapopita, na kwa majuma mawili havikuwa vimegusa uzi wowote.

Alasiri moja alifumbua macho.

"Kaka, ni nani anayeongeza?"

Niliificha pamba iliyokuwa mkononi mwangu.

"Nimefuma hata roho yangu imeridhika. Baba angeiona angeona haya. Sasa nimechoka."

"Nikikata, Mwaisha..."

"Sanda yangu ilitimia siku nyingi. Hii sasa unanifumisha ya nani?"

Nilikwenda kibandani. Nyuzi zilikuwa zikitetemeka zenyewe, na ubao ulikuwa ukienda na kurudi polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nilisema Bismillahi, nikapitisha kisu cha baba. Ubao ukasimama katikati ya njia. Kutoka nyumbani nikamsikia Chausiku akiniita kwa jina langu, bila utani.

Tulimzika kwa vipande vitano, na pindo zake zilinyooka kuliko za jora lolote nililopata kupima. Iliyobaki nilimpa Chausiku aigawe kwa maiti wasio na kitu. Watu waliiona makaburini, wakaja hata kutoka Matombo, na kabla ya Idi ya kuchinja palikuwa na vitanda sita vya kufumia hapa Mkuyuni, kimoja kikiendeshwa na mwanamke.

Kazi ya sanda naipokea kwa kila mtu. Ila kwanza huuliza kama mikono ya mgonjwa wao imetulia. Wakiniambia haijatulia, natanda nyuzi za kipimo chake, na siongezi hata moja.