Vidole Gumba vya Ithukuni

Saa mbili na nusu asubuhi Syokau alifungua dirisha la hifadhi ya nyaraka ya mji, akapangusa meza, akaweka kitabu cha wageni na kidau cha wino. Hifadhi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya soko, upande wa barabara ya Tulia. Wakubwa huiita stoo, na Syokau hukasirika kila mara, maana stoo ni ya majembe na magunia. Jumatatu hiyo alikuwa na haraka. Kitabu kipya cha historia kwa shule za msingi kilikuwa kinakwenda kuchapwa Ijumaa, na ukurasa wa thelathini na moja ulisema kwamba mwaka 1957 watu wa kilima cha Ithukuni walihama kwa hiari. Hiari! Nyanya yake Kanyiva, aliyemlea, alichomewa nyumba na askari akiwa ndani anasonga ugali.

Shida ilikuwa fomu. Ndani ya faili la Ithukuni kulikuwa na fomu ya kukubali kuhama, majina arobaini na matatu, na kando ya kila jina alama ya kidole gumba. Na karatasi ya serikali, jamani, hata ikidanganya huaminiwa.

Alipofungua faili hilo, wenye majina wakaja. Walitembea kutoka upande wa Kalamba, ng'ambo ya mto Athi, walikozikwa, kwa hiyo walifika saa nne, vumbi likiwa magotini. Syokau aliwaomba wapange foleni. Wa kwanza alikuwa Mzee Mbithi, aliyefariki mwaka 1963. Alitoa tumbaku yake ya kunusa, akasomewa tangazo la ukutani linalokataza tumbaku, akairudisha mfukoni.

"Niwasaidie na nini, mzee?" Syokau aliuliza.

"Vidole vyetu. Tulisikia viko hapa."

Hawakujua kuandika, kwa hiyo walitia sahihi kitabu cha wageni kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo Syokau alipoona. Alama zote arobaini na tatu kwenye fomu zilikuwa na kovu lile lile, limekata kidole kutoka upande hadi upande. Kwenye kitabu cha wageni hapakuwa na kovu hata moja.

"Hiyo ni ya chifu wetu," Mzee Mbithi alisema. "Alijikata na mkonge. Siku ya fomu hiyo alikaa kwa meza akabonyeza, akabonyeza, mpaka akalalamika mkono unamuuma."

Kanyiva alikuwa wa thelathini kwenye foleni. Alibonyeza kidole chake, akakipangusa kwa leso.

"Susu," Syokau akasema, yaani nyanya, na machozi yakamtoka, kwa sababu hakuwa amemwona tangu wamzike.

"Utalia baadaye," Kanyiva akamwambia. "Peleka hiyo karatasi."

Jumanne Mwalimu Wavinya alileta wanafunzi wake thelathini na wanane wa gredi ya sita. Walibanana na marehemu kwenye mabenchi, kwa kuwa mabenchi ni machache. Walilinganisha alama kwa kioo cha kukuzia, kisha wakauliza ng'ombe walipelekwa wapi, na nani alibeba watoto wadogo kuvuka mto. Wakajibiwa, wakaandika. Mwalimu Wavinya alisema hajawahi kupata somo lililotulia hivyo.

Jumatano Syokau alibeba fomu na kitabu cha wageni hadi kwa Bwana Mutunga, mwenyekiti wa kamati ya kile kitabu. Mutunga si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kustaafu salama, na hao ndio wagumu zaidi.

"Madam, hawa watu walikufa."

"Ndiyo. Lakini wamesaini."

"Saa ngapi?"

"Kuanzia saa nne na robo."

Mutunga alitazama alama kwa muda mrefu. "Naona," alisema. "Lakini hiyo shamba iko na wenyewe sasa, na hati wako nayo. Unataka tuanze hiyo maneno?"

"Nataka ukurasa mmoja tu."

"Ukurasa ilienda jana. Wachapaji waliomba mapema."

Kitabu kikatoka. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na picha nzuri ya kilima na neno lile lile. Muhula ulipoisha, mtihani wa shule zote ukauliza, swali la kumi na nne: Watu wa Ithukuni walihama vipi? Mwalimu Wavinya alikuwa amewaeleza wanafunzi wake wazi jibu linalotakiwa ni lipi: kwa hiari. Hata hivyo wote thelathini na wanane waliandika kwamba nyumba zilichomwa. Wote wakapata sifuri kwenye swali hilo, na mwalimu akazileta karatasi hifadhini, zikapewa namba ya faili.

Marehemu, ambao siku hizi huja kila siku ya kazi, waliuliza kama nao wanaweza kufanya mtihani huo. Mwalimu Wavinya akasema haoni sheria inayokataza. Syokau aliwasomea swali, wakajibu mmoja mmoja, naye akaandika neno kwa neno. Jibu la Kanyiva lilijaza kurasa mbili. Karatasi zikapelekwa kusahihishwa kwa mwongozo.

Zilirudi Alhamisi. Wote arobaini na watatu walikuwa wamekosa.

Kanyiva aliitazama alama yake nyekundu, kisha akauliza mtihani mwingine ni lini.

"Julai," Syokau akamwambia, akamwandikisha.