Barua za Tabibu wa Pangani

Luqman, fundi samani wa Mtaa wa Jules, Malvern, Afrika Kusini, alikuwa akipiga msasa kabati kuukuu alipokuta droo iliyokwama. Aliifungua kwa patasi. Ndani mlikuwa na barua kumi na nne za Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni Tanga. Tabibu Abdulrahman wa Pangani alikuwa akimwandikia dada yake Duni, mwaka 1288 wa Hijria.

Luqman alizipanga kwa tarehe, akamsomea mkewe Fauzia, mjamzito wa miezi minane. Walimaliza siku ya nne. Siku ya tano drooni ilikuwapo ya kumi na tano, wino mbichi. Chini iliandikwa: "Salamu pia kwa anayesoma."

"Mjibu, bwana!" Fauzia alipiga makofi. "Mtu anakusalimu toka enzi hizo, wewe kimya? Atauliza umelelewa wapi."

Luqman alijibu kama alivyofundishwa: salamu kwanza, kisha hali ya nyumbani. Sote hatujambo, aliandika, ila Fauzia amevimba miguu na uso, na kichwa kinamgonga. Hakuwa akiomba dawa. Ndivyo barua inavyoandikwa. Akaitia drooni.

Jibu lilikuwa ndani ya droo kabla chai haijapoa. Safari hii halikuwa na salamu. "Kama anaona vimulimuli machoni, mpelekeni kwa tabibu sasa hivi. Mwonyesheni tabibu wa huko barua hii."

"Naviona tangu juzi," alisema Fauzia. "Nilidhani vumbi la msasa wako."

Kwenye lango la kliniki mlinzi alidai kitambulisho cha Afrika Kusini. Hawakuwa nacho. Fauzia alitoa barua, mlinzi akamwita karani. Karani aliigeuza pande zote mbili, wino ukamchafua kidole, akauliza tarehe. Luqman akamsomea.

"Eish, mama. Barua ya rufaa ni sawa kabisa. Lakini inadumu miezi mitatu tu. Hii ina miaka mia na hamsini."

"Wino haujakauka!"

"Naona. Sisi tunatazama tarehe."

Walipanda teksi kurudi. Karakanani droo ilikuwa wazi, na tabibu, kanzu ameikunja mikono, alikuwa akinawa kwenye beseni la kuchanganyia gundi.

"Mmechelewa," alisema. "Nimemwahidi Duni nitarudi kabla ya magharibi. Haya, mama, lala ubavu wa kushoto."

Clémentine, Mrundi mwenye spaza, kiduka cha jirani, alileta maji ya moto bila kuuliza. Saa kumi Fauzia alijifungua mtoto wa kike, mdogo kama mkate, mwenye kelele za mnadani. Clémentine akapiga vigelegele hadi teksi zikasimama zikidhani zinaitwa. Fauzia alicheka, kisha akauliza vimulimuli vimekwenda wapi.

Kabla ya kuondoka, tabibu alikwenda kliniki kuwasalimu matabibu wenzake, kama ilivyo adabu. Alirudi upesi, akaingia kwenye droo. Kesho yake waliikuta barua yake kwa dada yake.

"Duni, mama na mtoto wazima. Mji ni mkubwa mno. Mlangoni wanashika karatasi kabla ya kushika mkono wa mgonjwa. Na mimi sikuwa nayo."

Jumatatu Luqman alipita pale kliniki akienda kununua vanishi. Mlinzi alikuwa palepale. Nje ya lango, ukingoni mwa barabara, alikaa mama mmoja mjamzito, amevua viatu kwa uvimbe.

"Dada," Luqman alimuuliza, "unaona vimulimuli?"

Alimsikiliza, kisha akageuza njia, akarudi kumwandikia tabibu barua.