Diski Nne Bila Namba

Shemeji yangu mpiga picha alinimwagia diski nne mezani kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Moja ilikuwa imekufa, naye alikuwa amezichomoa zote kwenye kompyuta ya studio apanguse vumbi, asiandike namba hata moja.

"Si zinafanana?" akasema.

"Hata mapacha wana majina, shemeji!"

Kila picha ya studio yake ilikatwa vipande vikagawanywa kwenye diski hizo kwa zamu, pamoja na hesabu ya akiba, ya kurudishia vipande diski moja ikifa. Ukikosea mpangilio, unapata takataka. Nikajaribu mmoja baada ya mwingine huku nikimsonya. Wa kumi na tisa ukakubali.

Kompyuta ikazisoma zile tatu nzima, ikakokotoa kilichokuwa kwenye ya nne. Picha ikashuka kwenye kioo mstari kwa mstari: kilemba, paji la uso, kisha macho ya marehemu mama yao, mama mkwe wangu, akicheka.

Shemeji alishika kichwa. Mimi, na miaka yangu kumi na miwili ya kufufua diski, nilisogeza kiti karibu na kioo.

Diski iliyokufa ilikuwa palepale mezani, baridi. Macho yale yalikuwa ndani yake.