Tumbawe la Mavyaa Wangu

Mimi ni mtu wa maswali. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nikiuliza kwa nini, na mume wangu Suleiman, tangu siku ya kwanza ya ndoa, hunijibu kwa kutoka nje. Kwa hivyo msishangae nikisema kwamba mwaka ule uliofuata uhuru, watu wa Msambweni wakiulizana nani atapewa shamba gani, mimi Mbeyu nilikuwa nikiuliza kwa nini jiwe limegeuka jeupe.

Lilikuwa jiwe la mavyaa wangu, Bibi Mwanarusi. Kusema kweli lilikuwa tumbawe, tena hai, lakini nyumbani tulizoea kuliita jiwe. Mavyaa alikuwa mwindaji wa pweza. Kila bamvua, maji yakitoka mbali, alishuka mwambani na mshale wake wa kuchomea pweza pamoja na wanawake wenziwe, akarudi na kitoweo. Mpaka siku alipoteleza akavunjika paja. Hospitalini walimtibu vizuri, mfupa ukaunga, daktari akasema sasa atembee pole pole apate nguvu. Mwanawe akasema ng'o. Suleiman alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na nyumbani alikuja Ijumaa tu. Ijumaa hiyo akatoa amri kama liwali: mama asitoke nje ya ua, asije akaanguka tena, na mlinzi ni mimi.

Mavyaa hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, maana yule alikuwa akibishana hata na mwadhini. Alilala kitandani pake barazani, akautazama ua wa makuti kutwa nzima. Mimi nilizoea kutukanwa kila siku kwa ajili ya mchuzi wangu. Sasa alikula tonge mbili, akasema ahsante. Wallahi ahsante ile iliniuma kuliko matusi. Nilimwona anakwisha, tena anakwisha kwa kulala tu, na nilikuwa nikimpenda yule bibi ingawa sikupata kumwambia.

Ndipo Suleiman akaleta sanduku la kioo. Mzungu mmoja aliyekuwa akikaa hotelini alikuwa akifugia samaki ndani yake, na alipofunga safari ya kurudi kwao akaliacha. Likaja juu ya lori la nazi, limezungushiwa magunia. Tukaliweka barazani mbele ya kitanda, tukalijaza maji ya bahari, na mvuvi mmoja akatuletea tumbawe lililong'olewa na nanga, la rangi ya kahawia, ukubwa wa kifuu. Suleiman akasema mama hawezi kwenda baharini, basi bahari imemjia. Alijiona mjanja huyo! Na haki yake tumpe, mama aligeuza shingo akatazama. Jioni ile aliniambia mchuzi wangu ni maji matupu.

Tukawa na kazi. Asubuhi na jioni nilichota maji ya sandukuni kwa kata nikayamimina kutoka juu, yapate pumzi, kwa sababu mavyaa alisema mwambani maji hayatulii. Jua na upepo viliyapunguza upesi, nami nikateremka ufuoni na ndoo kwenda kuteka ya kujaziliza. Maji ya kisima au ya mvua hayakuruhusiwa hata tone. Mavyaa alinieleza sababu: mvua ya masika ikinyesha wakati maji yametoka, matumbawe yaliyo wazi hunyeshewa, na baada ya siku chache huwa meupe yakafa. Ameyaona kwa macho yake, si mara moja. Kwa hivyo kila wingu lilipotokea tulilifunika sanduku kwa jamvi. Mwanamke yeyote wa mwambani angefanya vivyo hivyo.

Na bado jiwe likageuka jeupe. Weupe ulianzia nchani ukateremka kila siku kidogo, hata likawa jeupe lote. Jirani yetu Jumwa alichungulia akasema hilo sasa ni la kupelekwa kwenye tanuru la chokaa. Mavyaa akageukia ukutani. Nilipomletea chakula, akala tonge mbili, akasema ahsante.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Jumwa na mdomo wake, nikamkasirikia Suleiman, nikamkasirikia Mzungu wa watu ambaye hata simjui. Hasira ilipoisha, nikaanza maswali. Je, ni joto? Nikalisogeza sanduku mbali na jua la mchana. Weupe ule ule. Je, ni uchafu? Nikapangusa kioo, na hapo nikaona ukoko mweupe kwenye ukingo, pale maji yalipokuwa yamefika kabla ya kushuka. Nikaukwangua kwa kucha nikauonja. Chumvi. Nikachovya kidole sandukuni nikaramba, nikachovya kwenye ndoo niliyotoka kuteka baharini nikaramba, wala sikupata hakika. Ulimi wangu, kama mavyaa alivyozoea kusema, si wa kutegemewa katika mambo ya chumvi.

Nilikuwa na mayai ya kuku wangu kikapuni, na kila mwenye jiko anajua kuyapima majini: zima huzama, viza huelea. Nikachukua moja lisilo jipya sana wala bovu, nikalitia kwenye ndoo. Likazama taratibu, likalala chini. Nikalitia sandukuni. Likaelea! Nikalirudisha kwenye ndoo, likazama. Sandukuni, likaelea. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Jua lilikuwa likinywa maji na kutuachia chumvi, nasi kila siku tulikuwa tukiongeza maji yaliyokuja na chumvi yake.

Nikaipeleka ndoo hadi kitandani, nikamwonyesha mavyaa. Akataka nirudie. Nikarudia. Akataka alitie yai yeye mwenyewe, akajiinua kwa kiwiko, akalitia kote kuwili. Nikamwambia jiwe linataka maji yasiyo na chumvi. Akasema hilo haliwezekani, nitaliua, yeye ameyaona yakifa kwa mvua.

"Mama, yale yalikufa kwa kukosa chumvi," nikasema. "Hili linakufa kwa kuzidiwa nayo."

Nilijua ninamwomba akubali kufanya jambo alilofundishwa na mama yake kwamba ni mauaji, na kama nimekosea, si jiwe peke yake litakalokufa mle barazani. Mwishowe akasema sawa, lakini kwa amri zake. Mimi nilitaka kumwaga nusu ya maji siku ile ile. Yeye akakataa kabisa.

"Aliyeshinda na njaa hapewi sinia la pilau," akasema. "Kata moja. Toa moja, tia moja. Kesho nyingine."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Maji ya mvua tuliyakinga kutoka paani kwenye mtungi, na kila asubuhi nilitoa kata ya maji ya chumvi nikatia kata ya mvua, pole pole, huku mavyaa akinikaripia kwamba namwaga kama ninayekogesha punda. Kisha tukapima. Yai tulilitia kwanza kwenye ndoo ya bahari, maana yai nalo huzeeka, na mara mbili ilitubidi kulibadilisha. Siku yai lilipozama kote kuwili, nikachora mstari wa mkaa kwenye kioo: maji yakishuka chini ya mstari, kinachoongezwa ni mvua tu.

Lakini jiwe lilibaki jeupe. Hapo ndipo subira ilipotakiwa, na mimi subira sina. Mavyaa aliagiza uduvi, akautwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo hadi ukawa unga, na kila jioni akaunyunyiza kidogo, kwa kubahatisha tu, akisema mgonjwa hakosi kupewa chakula. Jumwa akaja kuuliza kama bado tunafuga maiti. Mavyaa alimjibu maneno nisiyoweza kuyarudia hapa, nami nilifurahi kweli kweli.

Rangi ilirudi kutoka chini. Kwanza kwenye mikunjo, kahawia hafifu, hata nikadhani ni uchafu. Kisha ikapanda. Jioni moja, kabla ya adhana ya magharibi, nilikuwa jikoni niliposikia naitwa kwa sauti ambayo sikuisikia tangu aanguke. Nikaacha chungu motoni nikakimbia.

Mavyaa alikuwa ameketi, uso karibu ugonge kioo. Jiwe lote lilikuwa limeota vidole, vyembamba kuliko uzi, mamia, vikichezacheza majini. Uduvi ulipoangukia, vidole vikafumba vikauvuta ndani. Tukatazama hata chungu kikaungua na hatukujali.

"Ana midomo," akasema. "Mwili mzima."

Nikamuuliza mbona hakuniambia kwamba hula. Akasema hakujua. Tangu usichana ameshuka mwambani, wala hakupata kuona hili, kwa sababu wao wanawake walishuka maji yakiwa yametoka na jua limewaka, na saa hizo matumbawe walikuwa wamejifunga. Maji yalipojaa na kuwafunika, wakafungua midomo yao, wanawake wako majumbani wanapika. Aliona aibu, nami niliiona aibu ile usoni pake. Alisema alikuwa akitembea juu yao akidhani anatembea juu ya mawe.

Kisha akasema tumrudishe baharini.

Nilimaka. Baada ya kata zote zile! Nikamwambia hapa ana kivuli, ana chakula, hapana nanga wala mguu wa mtu wa kumkanyaga.

"Amepona," akasema. "Mgonjwa akipona hurudishwa kwao."

"Lakini mama, hapa yu salama."

"Na mimi ni salama, Mbeyu. Mfupa wangu umeunga siku nyingi. Mimi mtanirudisha lini?"

Niliinama nikaanza kupangusa kioo kisichokuwa na uchafu, machozi yakinitoka.

Bamvua iliangukia Jumatano, na sikungoja Ijumaa. Nilimwita Jumwa amshike mavyaa upande mmoja, nami nikamshika upande wa pili, na sufuria ya tumbawe kichwani pangu. Tulikwenda hatua kwa hatua, tukipumzika kila alipotaka, na alitutukana njia nzima. Alituongoza hadi kwenye kidimbwi kisichokauka maji yanapotoka, akatuonyesha pa kupita mchangani ili tusikanyage kitu. Akaketi majini na nguo zake, akamweka tumbawe katika mwanya wa mwamba, akambana kwa vijiwe asipinduke.

Nikamwambia haya, twende, maji yameanza kurudi. Akasema anataka kuona na wale wengine wakifungua midomo. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani, Jumwa akanung'unika kwamba Suleiman atatuua sote, na bado alikuwa hataki kuondoka.