Ikupa na Spoki za Baiskeli

Ikupa hakuwa mwizi. Alikuwa mkulima wa migomba pale Msasani ya Tukuyu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na mke wa Jotham tangu enzi ambazo Jotham alikuwa na nywele. Lakini mwaka huo baridi ilipoingia Tukuyu kwa fujo, binti yao Prisca aliwatumia kutoka Mbeya kiroba kizima cha nyuzi za sufu, nyekundu, njano, bluu na moja ya rangi ya maziwa ya mtindi. "Mama, jifumieni vitu vya joto," akasema kwenye simu. Sindano za kufumia hakutuma. Alidhani kwa mama yake hazikosekani.

Zilikosekana. Ikupa alizunguka soko zima. Hapa alipewa sindano ya kushonea magunia, pale akapewa ya cherehani, na muuza duka mmoja, kijana mwenye haraka zake, alimwelekeza aende hospitali ya Igogwe.

Alirudi nyumbani mikono mitupu, akaketi barazani akitazamana na baiskeli ya mumewe. Ndipo alipomkumbuka bibi yake, aliyekuwa akifuma kofia kwa spoki zilizonolewa ncha. Akaliangalia gurudumu la nyuma. Spoki zilikuwa nyingi mno, kama watoto wa mtu aliyezaa bila mpango.

"Nikitoa mbili tu," akajiambia, "nani atajua?"

Alizifungua kwa koleo, akazinoa kwenye jiwe, akazisugua na mshumaa mpaka zikateleza. Kazi ya kwanza ikawa sweta la Jotham mwenyewe, ili dhamiri ipate mahali pa kulala. Lilitoka na mkono mmoja mrefu, na shingo nyembamba kiasi kwamba Jotham alipolivaa mara ya kwanza kichwa kilikwama, Ikupa akamvuta kwa nguvu zote kama anayezalisha ng'ombe. Kichwa kilipotoka, masikio yalikuwa mekundu. Jotham akajitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku.

"Mama Prisca," akasema, "kumbe nina mke fundi!"

Basi sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Baada ya sweta akataka kufuma mzula, ile kofia ya kuziba masikio, na mzula unataka sindano nyembamba, akahamia gurudumu la mbele lenye spoki nyembamba zaidi. Kisha akataka soksi, na soksi hazifumwi kwa sindano mbili. Hakuchukua ovyo, lakini. Akitoa spoki upande huu, alitoa na upande wa pili, ili baiskeli isionekane imeonewa.

Shida nyingine ilikuwa mahali pa kukaa. Jikoni, sufu ilinuka moshi, na siku moja bonge la uzi liliingia kwenye chungu cha maharage likaiva nayo. Sebuleni, kuku walilifukuza bonge hilo hadi chini ya kabati. Kitandani, Jotham aliikalia spoki moja akaruka hadi mlangoni.

"Hii ni nini?" akauliza, akijishika nyuma.

"Kifaa," akajibu Ikupa, akakichomeka haraka kilembani.

Tangu hapo kilemba kikawa ndiyo ghala lake.

Siku ya soko walitoka pamoja asubuhi. Jotham alikuwa amevaa sweta lake, amefunga mikungu miwili ya ndizi nyuma ya baiskeli, na Ikupa alifuata na kapu la parachichi. Kwenye tambarare Jotham alisukuma. Walipofika kwenye mteremko wa kuingia mjini, akapanda, maana sweta jipya halisukumi baiskeli mbele za watu.

Gurudumu la nyuma likaanza kulia kwe, kwe, kwe. Ikupa akasikia moyo wake nao ukijibu kwe, kwe, kwe.

"Baba Prisca, shuka!"

"Nishuke nini, nateremka!"

Hapo gurudumu likajikunja kama chapati inayochovywa kwenye chai. Mikungu ilikwenda kulia, Jotham akaenda kushoto, akatua ameketi kwenye mtaro wenye maji, miguu juu, mkono mrefu wa sweta ukipepea kama anaaga.

Watu wakajaa. Hakuumia, ila heshima. Abrahamu, fundi baiskeli mwenye kibanda palepale, aliinama akalichunguza gurudumu kwa makini.

"Mzee, hili lina mapengo kama kinywa cha bibi yangu," akasema. "Na spoki hazikukatika. Zimefunguliwa. Tena kwa adabu kabisa."

"Wezi!" akapiga kelele Jotham. "Kuna wezi wa spoki!"

"Spoki za nini, jamani?" akauliza mtu mmoja.

"Za mishikaki!" akajibu mwingine.

Kundi lote likageuka kumwangalia Fred, muuza mishikaki aliyekuwa ndiyo kwanza anapuliza mkaa wake ng'ambo ya barabara. Kabla hajajua kosa lake alikuwa amezungukwa. Mmoja aliinua mshikaki, akaunusa, akasema unanuka grisi. Mwingine alikumbuka kwamba hata tumbo lake mwenyewe juzi lililia kama cheni isiyo na mafuta.

"Mimi natumia vijiti vya mwanzi!" Fred akalia. "Tazameni! Mwanzi!"

"Hivyo ni vya kuzugia!"

Ikupa alisimama na kapu lake, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Angeweza kunyamaza. Lakini alimwona Fred amekumbatia jiko lake kama mtoto mgonjwa, na ulimi ukakataa kukaa kimya.

"Mwacheni! Spoki ninazo mimi."

"Unazo wapi?" akauliza Abrahamu.

"Kichwani."

Akaanza kuzichomoa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakidhani zimekwisha, na yeye bado anachomoa, ya mwisho ikiwa na soksi ya njano iliyofumwa hadi kisiginoni tu. Jotham, maji yakimchuruzika, aliziangalia spoki, akaiangalia soksi, halafu akainamisha kichwa akalitazama sweta lake.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "nimeivaa baiskeli yangu."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Fred ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa kupona. Jotham alijaribu kukasirika, lakini hasira na sweta lile havikuweza kukaa mwili mmoja, akajikuta naye anacheka.

Katika kundi lile alikuwamo Suad, mama Hafidhi, muuza vitambaa anayeishi nyuma ya nyumba ya akina Ikupa. Alimshika jirani yake mkono.

"Mama Prisca, mimi nafuma tangu nikiwa msichana. Tunapakana ukuta, na wewe unabomoa baiskeli? Njoo."

Akampeleka kwenye chumba chake kidogo cha kazi. Dirisha lilikuwa kubwa, mwanga ukitokea kushoto. Kiti hakikuwa na mikono, ili viwiko viwe huru. Nyuzi zilikaa kwenye makapu yenye vifuniko, na sindano zilisimama kwenye mkebe, nyembamba mbele na nene nyuma. Ikupa alitembea humo kwa kunyata kama yuko kanisani.

"Chukua hizi, ninazo za ziada," akasema Suad. "Mkono ukibanwa, na kazi inabanwa."

"Ndaga fijo, Mama Hafidhi," Ikupa akashukuru kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Jotham aliposikia habari za chumba, alijikuta ana kazi. Alitoa mikungu yote kwenye stoo ya kuivishia ndizi, akatoboa dirisha, akapigilia rafu ukutani, akaunda meza. Kisha akachukua msumeno akakata mikono ya kiti. Bahati mbaya kiti chenyewe kilikuwa kile kizuri cha wageni.

"Na mchungaji akija?" Ikupa akashtuka.

"Atashika magoti yake."

Humo stoo Ikupa alistawi. Uzi haukukimbia tena, ncha hazikukwaruza, na masweta yakaanza kutoka na mikono iliyolingana na shingo zinazopitisha kichwa cha binadamu. Fred alipelekewa mzula mwekundu wa kuombea radhi.

Alasiri moja ya mvua, Ikupa alirudi kutoka kwaya akakuta nyumba kimya. Kwenye stoo taa ilikuwa inawaka. Akasukuma mlango. Jotham alikuwa ameketi kwenye kiti kisicho na mikono, ulimi nje, sindano mkononi, anafuma. Kazi yake ilikuwa imeanzia magotini, ikashuka sakafuni, ikazunguka mguu wa meza, ikaelekea mlangoni.

"Baba Prisca! Hiyo ni nini?"

"Ilikuwa skafu."

"Ya nani, ya twiga?"

Jotham aliinua macho, uso umejaa aibu na furaha.

"Mama Hafidhi alinionyesha akiwa ng'ambo ya ukuta namna ya kuanza, na namna ya kuendelea. Kisha akaitwa dukani. Namna ya kuacha hakuniambia."

Ikupa akavua kanga yenye matone ya mvua, akavuta stuli.

"Mvua bado kubwa," akasema. "Endelea kwanza."